Dakika Arobaini za Msumeno

Siku ya kugawana vikundi vya utafiti, walimu waliwahi kikaoni kuliko walivyowahi kitu kingine chochote mwaka ule. Kila mmoja alitaka kujichagulia wanafunzi wapole, wale ukiwaambia andika wanaandika, ukiwaambia futa wanafuta. Kufikia mapumziko ya chai walikuwa wamebaki watatu tu mwishoni mwa orodha, na kila jicho lililofika pale lilirudi juu haraka.

Mwalimu wa historia alifika wa mwisho. Alikuwa darasani akimalizia kipindi, maana yeye hakuwa mtu wa kukatiza kipindi hata kama paa linawaka moto. Makamu wa mkuu wa shule alimsogezea ile karatasi bila kumtazama.

"Hawa watatu ni wako," alisema. "Wengine wamekwisha."

Aliisoma akajua kwamba amechezewa. Wenzake walikuwa wameinamia vikombe vyao. Shemeji yake, mwalimu wa kemia, mdogo wa mumewe wa tumbo moja, alikuwa akizuia kicheko kwa kujikohoza.

Wanafunzi walimwita Msumeno, kwa sababu hapakuwa na insha iliyopita chini ya kalamu yake nyekundu ikatoka nzima. Alilijua jina hilo miaka yote na halikumkera. Alikuwa akimwambia mumewe kwamba ni heri kuogopwa kuliko kuchezewa sharubu kama wenzake.

Wale watatu walikuwa hivi. Wa kwanza Nguzo, kijana mrefu wa kiti cha nyuma, ambaye mwaka mzima alikuwa hajakabidhi kazi hata moja kwa wakati. Wa pili Kimya, msichana aliyeweza kumaliza wiki bila kufungua kinywa darasani. Wa tatu, ambaye ndiye aliyewafukuza walimu wote kwenye orodha, alikuwa Ndimu. Huyo alikuwa mkali, hajui kuinamisha macho, na hakuna neno la mwalimu alilolimeza bila kulitafuna kwanza.

Kati ya Msumeno na Ndimu kulikuwa na deni la zamani. Mwaka uliotangulia, Ndimu aliandika insha nzuri mno kuhusu vita na njaa, na Msumeno akaamini kwamba ameinakili mahali. Akamsimamisha mbele ya darasa, akamwambia asome kwa sauti, na kila baada ya mstari akamkatiza amweleze maana ya neno hili na lile. Ndimu alieleza yote, mpaka la mwisho, huku machozi yakimtoka na sauti haitetereki. Msumeno hakumwomba radhi. Alimpunguzia alama kumi kwa kile alichokiita kiburi cha kujibu. Tangu siku hiyo wawili hao walitazamana kama watu wanaosubiriana njiani.

Kanuni ya shule ilikuwa moja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hahitimu mpaka afanye utafiti wa muhula mzima, asimamiwe na mwalimu, mwalimu atie saini, kisha kikundi kisimame mbele ya wasahihishaji watatu kijitetee.

Watatu hao walileta mada ya kwanza, athari za simu kwa vijana. Msumeno aliikata, akasema hiyo imeshafanywa na kila mtu mpaka simu zenyewe zimechoka. Wakaleta umuhimu wa michezo. Akaikata. Wakaleta ya tatu na ya nne, nazo zikarudi zimejaa wino mwekundu. Ya tano aliwarudishia bila hata kuifungua.

"Msiniletee maoni," aliwaambia. "Maoni kila mtu anayo. Nileteeni kitu mnachoweza kukihesabu kwa macho yenu wenyewe."

Kesho yake asubuhi Ndimu alimwekea mezani karatasi yenye mstari mmoja: Katika kipindi cha dakika arobaini, mwalimu hufundisha dakika ngapi?

Msumeno aliusoma mara mbili. Alijua ameletewa ugomvi. Msichana alikuwa amesimama mikono nyuma akingoja kukatwa mara ya sita, ili akaseme nje kwamba mwalimu hataki swali lolote. Hapo ndipo ukaidi ulipompanda. Isitoshe, moyoni alikuwa na jambo lake. Alizichoka nyayo za walimu wanaotembea uwanjani huku madarasa yakipiga kelele, na yeye, aliyekuwa hajachelewa kipindi hata siku moja, hakuona cha kuogopa.

"Vizuri," alisema, akachukua kalamu akatia saini. "Lakini mtafanya kazi mpaka mlie."

Hakuwatania. Aliwauliza mwalimu anaanza kufundisha lini: anapogusa mlango, anaposalimiwa, au anapolitaja somo? Walipobabaika aliwafukuza wakafikirie. Aliwaambia waandike maana ya kila neno kabla ya kuhesabu chochote, waisaini, naye ataisaini, na asije mtu akaibadilisha baada ya kuona majibu, kwa kuwa huko ni kudanganya kwa kutumia hesabu. Aliwataka wapime wawili kila kipindi, kila mmoja na saa yake, bila kuchunguliana. Walimu wasitajwe kwa majina. Wapewe herufi kwa kura, na karatasi ya siri inayoonyesha nani ni nani ifungwe kwenye bahasha, wala yeye asionyeshwe. Alidai wiki sita. Nguzo alipochelewa kuleta takwimu za siku ya pili, alimfungia nje ya mlango kikao kizima. Kimya alipoandika namba kwa penseli, alizifuta zote kwa kifutio mbele ya macho yake, akamwambia ndivyo mtu yeyote atakavyoweza kufanya.

Walimchukia, naye hakujisumbua kuwabembeleza. Ila kazi ilikwenda.

Kwa wiki mbili za mwanzo hakuna mwalimu aliyegundua. Wiki ya tatu mwalimu mmoja aliona Nguzo anaangalia saa na kuandika mara tu yeye alipoingia, akamnyang'anya daftari, akasoma, na kufikia mchana habari ilikuwa imeenea ofisi nzima ya walimu.

Tangu hapo Msumeno alipoingia, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Kiti chake cha dirishani kilihamishwa kikawekwa karibu na rafu ya makabrasha yaliyooza. Chupa ya chai ilizunguka meza yote, ikifika kwake imekwisha. Mwalimu wa jiografia, waliyesoma naye chuo kimoja, alimwambia usoni kwamba amefuga majasusi. Makamu alimwita ofisini kwake, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole uliokuwa na miiba kama hakuona mada nyingine duniani. Msumeno alimwonyesha fomu ya kibali, chini yake kuna saini ya makamu mwenyewe, aliyeisaini pamoja na nyingine thelathini bila kusoma. Makamu alimrudishia fomu, akamfungulia mlango.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Waliishi ua mmoja: yeye na mumewe upande huu, shemeji na familia yake upande ule, na mama mkwe akiwa katikati, akilala kwa mkubwa na kushinda kwa mdogo. Shemeji alikuwa anafundisha kwa siri shule ya pili, ng'ambo ya mji, na ndiyo maana kila asubuhi aliingia darasani akihema. Jioni moja alivuka ua akasimama mlangoni kwa mke wa kaka yake.

"Shemeji, unajua kabisa mimi ninachelewa kwa sababu gani," alisema. "Unataka watoto waniandike ili iweje?"

Alimjibu kwamba hajui herufi ya mtu na hataki kuijua. Shemeji akamtazama, akatema mate kando, akaondoka. Tangu siku hiyo mama mkwe aliacha kumwita mwanangu. Akamwita mwalimu, kama vile ni mgeni aliyekuja kukagua nyumba. Mume alikaa kati, akajitia hamnazo, na usiku ule na siku zilizofuata alikuwa na usingizi mwingi kuliko kawaida.

Wiki sita zilipokwisha, watatu walileta jedwali. Msumeno aliwaambia wasimame alivyozoea, akaanza kusoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Walimu walikuwa kumi na mmoja, A mpaka K, na kila mmoja alikuwa na safu nne: kuchelewa, kufundisha, mengineyo, kutoka mapema. Herufi D alichelewa dakika kumi na moja kwa wastani, akafundisha ishirini na tano, akapoteza moja, akatoka tatu kabla ya kengele. Alimtambua shemeji yake papo hapo, na kidogo atabasamu.

Kisha akafika herufi J. Kuchelewa, sifuri. Kutoka mapema, sifuri. Katika shule ile kulikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo. Kufundisha, ishirini na moja. Mengineyo, kumi na tisa.

Alirudia kusoma. Akauliza mengineyo ni nini, ingawa maana ilikuwa imeandikwa juu ya ukurasa na saini yake iko chini yake. Ndimu alimsomea: kuita majina, kukaripia, kudhihaki, kutoa hotuba isiyohusu somo, kusimamisha mwanafunzi kwa adhabu.

"Kukaripia ni sehemu ya kufundisha," alisema Msumeno.

"Hatukuandika hivyo."

"Basi mmeandika vibaya. Badilisheni."

Ndimu hakupandisha sauti. "Wewe mwenyewe ulisema anayebadilisha maana baada ya kuona majibu anadanganya kwa kutumia hesabu."

Msumeno aliwaambia hii ni njama, kwamba Ndimu amengoja mwaka mzima kulipiza kisasi na amewatumia wenzake kama ngazi. Aliwaambia hana wasiwasi, jedwali la uongo hujulikana. Ndipo Kimya, ambaye alikuwa hajawahi kumwambia zaidi ya ndiyo na hapana, akafungua mkoba akatoa madaftari mawili.

"Vipindi vya J, Ndimu hakupima hata kimoja," alisema. "Alikataa. Alisema angekuonea. Tulipima mimi na Nguzo."

Akayaweka mezani. Msumeno aliyafungua. Kila kipindi kilikuwa na tarehe, saa, na maneno machache ya kueleza: dakika sita, viatu vichafu; dakika nne, aliyecheka; dakika tisa, kizazi hiki. Madaftari mawili, miandiko miwili, na tofauti kati yao haikuzidi nusu dakika. Kila mahali palikuwa na wino, hapakuwa na penseli.

"Tokeni," aliwaambia. "Sitii saini."

Bila saini hawahitimu, na wote wanne walilijua hilo. Nguzo alifungua kinywa, Ndimu akamshika mkono wakatoka.

Msumeno hakumweleza mtu, lakini habari za kukataa kutia saini zilifika ofisini kabla ya jua kuzama. Asubuhi yake alikuta kiti chake kimerudi dirishani. Chupa ya chai ilianzia kwake. Mwalimu wa jiografia alimuuliza hali ya mgongo wake. Jioni shemeji alivuka ua na kiti chake mkononi, akaketi, akacheka, akasema alijua tangu mwanzo kwamba damu ni damu, na kwamba akishikilia hivyo hivyo wiki moja tu wale watoto watafyata mkia waandike kuhusu michezo. Mama mkwe akamwita mwanangu mara tatu katika sentensi moja.

Angepaswa kufurahi. Lakini alipowaangalia wakimzunguka kwa bashasha, aliona kwamba wanamkaribisha kwenye kundi lao. Miaka yote alijihesabu kuwa hayumo. Wazo hilo lilimkera kuliko baridi yote waliyomwonyesha.

Siku ya tatu aliingia darasani, akavua saa ya mkononi akaiweka mezani, uso juu. Alikusudia kuwaumbua wale watoto kwa hesabu yake mwenyewe. Alianza somo vizuri. Kiti cha nyuma mtu akaangusha rula, mwingine akacheka. Msumeno akamsimamisha. Akamuuliza kama kwao wanacheka wageni wakiongea. Kutoka kwa huyo akaenda kwa jirani yake aliyekuwa hana kitabu, kutoka kwa kitabu akaenda kwa wazazi wa siku hizi. Alipotupa jicho mezani, dakika kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Alikuwa na hakika hazizidi mbili.

Aliiangalia ile saa mpaka darasa likaanza kuogopa.

Mchana aliwaita wale watatu. Walisimama mstari mmoja, Ndimu mbele, wamejiandaa kwa vita. Msumeno alitia saini. Kisha akawarudishia ripoti akiwa ameikwaruza kwa wino mwekundu: hitimisho lenu limejaa hasira, ondoeni kila neno ambalo haliwezi kuhesabiwa. Sura ya tatu haieleweki. Na mmeandika wastani bila kuonyesha siku mbaya na siku nzuri, watawachinja.

"Hilo tu ndilo uliloliona?" Ndimu aliuliza.

"Mna siku nne. Tokeni mbele yangu."

Siku ya kujitetea, makamu alikaa katikati ya meza, mwalimu wa kemia kulia kwake, na mzazi mmoja mhandisi kushoto. Msumeno, kama msimamizi, alikaa pembeni, na kwa kanuni hakuruhusiwa kuwasaidia. Nyuma walijaa walimu ambao siku nyingine hawakuhudhuria utetezi wa mtu.

Shemeji ndiye aliyeanza kupiga. Aliuliza kama wanajua kwamba mtu anayejua anaangaliwa hubadilika, na kwa hiyo namba zao ni upuuzi. Lilikuwa swali zuri, na wasikilizaji walinong'ona kwa kuridhika. Kimya akafungua ukurasa, akasema wamelifikiria. Wiki mbili za kwanza walimu hawakujua. Wiki nne za mwisho walijua. Baada ya kujua, kuchelewa kulipungua kwa dakika sita kwa wastani. Kwa hiyo namba walizoleta, alisema kwa sauti ndogo, ndizo nzuri. Za kweli ni mbaya zaidi.

Yule mhandisi alicheka peke yake.

Makamu aliweka miwani. Alitaka kujua kwa nini mwalimu J, ambaye kwa maelezo yao hachelewi wala hatoki, amewekwa chini ya mwalimu D anayechelewa kila siku. Hii ilikuwa dhihaka kwa walimu wenye nidhamu. Alimtaka Ndimu amtaje J ni nani, na aseme kama waliwahi kumwonyesha namba hizo.

"Siwezi kumtaja," alisema Ndimu. "Tuliahidi."

"Nakuamuru."

"Hata hivyo siwezi."

Makamu akaandika kitu kwenye karatasi ya alama, na kila mtu aliona mkono wake ulivyokwenda chini, kwenye safu za watu wanaoshindwa. Msumeno alisimama.

"J ni mimi," alisema. "Nilionyeshwa. Nilikataa, nikawatisha, kisha nikajipima mwenyewe. Namba ni sahihi. Andika."

Shemeji alimkazia macho kama mtu aliyechomwa, kwa sababu J akishasema namba ni za kweli, na kila mtu anajua nani huchelewa, D naye hakuhitaji bahasha ili ajulikane. Makamu akamwamuru Msumeno akae au atoke. Alikaa.

Kikundi kilipata alama hamsini na mbili, mbili tu juu ya mpaka, na mhandisi alilazimika kugoma kusaini karatasi mpaka makamu alipokubali kuzipandisha hapo. Nje, kwenye korido, Msumeno alidhani angalau atasikia neno. Ndimu alimjia akiwa amekunja ngumi.

"Nani alikuomba?" alisema. "Tuliahidi kuwaficha walimu kumi na mmoja, wewe mwenyewe ukatubana tuahidi. Umejitaja wewe, umewataja na wenzako. Sasa watasema sisi ndio tuliovunja."

Msumeno alikuwa na jibu, lakini lilikuwa karipio, akalimeza. Msichana alikuwa sahihi.

Mkuu wa shule alisoma ripoti mwishoni mwa muhula, akaweka daftari la mahudhurio kwenye kila mlango wa darasa, mwalimu aandike saa ya kuingia na ya kutoka. Walimu waliliita zawadi ya Msumeno. Shemeji alilazimika kuacha ile shule ya pili. Akafungua mlango mwingine upande wa barabara, ule wa uani akaukomea, na mama mkwe akahamishia kitanda chake huko. Mume alianza kuvuka kwenda kwa mdogo wake peke yake, akirudi hasemi walichoongea. Mwaka uliofuata Msumeno hakupewa kikundi cha utafiti, wala kiti cha dirishani hakukiona tena.

Ndimu alirudi shuleni mara moja, baada ya matokeo. Chuo alichoomba kilitaka barua kutoka kwa mtu aliyemsimamia utafiti, na hakukuwa na njia ya kumkwepa. Alisimama mlangoni bila kukaribishwa, akaeleza shida yake kwa maneno tisa au kumi. Msumeno alivuta karatasi, akaandika palepale akiwa amesimama, akampa.

Barua ilisema kwamba mwanafunzi huyu ni mbishi, kwamba hana heshima ya kutosha kwa waliomzidi umri, na kwamba kwa muhula mzima wa kazi ngumu hakubadilisha namba hata moja ili kumpendeza mtu au kumkomoa.

Ndimu aliisoma taratibu, akarudi juu, akaisoma tena. Uso wake haukulegea.

"Umekosea tarehe," alisema. "Leo ni ishirini na tatu."

Msumeno alimpokonya barua, akakata tarehe, akaandika nyingine, akaweka saini ndogo kando ya kosa kama inavyotakiwa. Msichana akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha, akaondoka na kuuacha mlango wazi.